Kabla Hujalala Nyumbani kwa Zakaria

Mwanangu Yunisi,

Uko jikoni na mama yako mnapika maandazi ya safari, nami nimejifungia stoo pamoja na mbegu za viazi nikisingizia kwamba natafuta msumari. Sitafuti msumari wowote. Kuna jambo nimelinyamazia tangu Pasaka, na kila nikikuita nikuambie naishia kukutuma maji ya kunywa. Leo nimekunywa maji mpaka tumbo linacheza. Basi nimechukua daftari lako la Kemia la kidato cha tatu, lile lenye kurasa nyingi tupu (siku nyingine utanieleza kwa nini zilibaki nyingi hivyo), na ninaandika. Nitaitia barua hii kwenye mfuko wa maandazi. Najua hutafika Mombo hujaufungua.

Habari za sweta, chandarua, na nani usikae naye kwenye basi, mama yako amezimaliza. Akisahau moja atakuja kuipigia kelele dirishani mbele ya abiria wote. Mimi naandika kuhusu nyumba unayokwenda kufikia.

Kesho Baba yako Mdogo Zakaria atakupokea stendi ya Tanga. Amekuandalia chumba. Amesema utaishi kwake muda wote wa chuo cha uuguzi, na kila Jumamosi utakaa mapokezi kwenye kliniki yake uwakaribishe wagonjwa. Ulipoambiwa uliruka pale uani mpaka kuku wakatawanyika, nami nikacheka na kusema Mungu ni mwema. Kicheko kile kilikuwa cha uongo. Mwanangu, sitaki ulale kwa Zakaria hata siku moja, na sitaki ukae kwenye kiti kile cha mapokezi. Lakini umeshakuwa mtu mzima. Nikikukataza bila sababu utasema ni wivu wa mzee wa mlimani anayemwonea gere mwenzake aliyefanikiwa mjini. Sababu ninazo. Zisome mpaka mwisho, maana ile ya mwisho inaniaibisha mimi kuliko inavyomwaibisha yeye.

Wewe unamjua Zakaria wa gari na zawadi. Mimi namjua tangu tunagombania nafasi kwenye kikundi cha tarumbeta cha usharika wetu. Mimi nilipewa besi, lile dude kubwa linalokuzunguka kifuani, kwa sababu nilikuwa na mapafu ya kulima makinga maji ya mteremkoni. Yeye alipewa tarumbeta dogo kwa sababu alikuwa mwembamba na mwenye maringo. Tumepuliza pamoja kwenye misiba na harusi, kutoka Soni mpaka Rangwi, kwa miguu, kwenye vilima hivi ambavyo hata mbuzi huviwazia mara mbili. Kulikuwa na mazishi fulani, mvua imenyesha, njia yote utelezi. Nilikuwa na homa. Zakaria alisema, "Kaka, lete hiyo besi." Akaivaa juu ya tarumbeta lake, akapanda nayo mpaka makaburini bila kupumzika. Sijawahi kusahau. Wewe ulipozaliwa sikumtafuta mtu mwingine. Yeye ndiye aliyekushika ubatizoni, ukamkojolea shati jeupe, akakataa kubadilisha akisema hiyo ni baraka. Kwa hiyo ninaposema mtu huyu amenisaliti, usidhani nasema habari za tapeli wa stendi. Tapeli wa stendi angenichukulia simu, nikamlaani, nikarudi nyumbani nikala.

Goti langu unalijua. Lilianza siku ile nilipoteleza kwenye tuta na gunia la viazi, nikaangukia mguu wa kulia. Kwa miaka lilikuwa likivimba na kunywea, likivimba na kunywea. Mwishowe nilikuwa nashuka shambani kinyumenyume, nimeshikilia majani ya tembo. Kikundi cha tarumbeta wakaniheshimu kwa namna ile mbaya: wakaniletea kiti. Kijana mmoja akaichukua besi. Mimi nikawa mzee wa kukaa na kupiga makofi. Sikukuambia jinsi ilivyoniuma. Alfajiri ya Pasaka ya mwaka jana, kikundi kilipozunguka vilima kuamsha watu kwamba Bwana amefufuka, mimi nilibaki kitandani nikisikia besi inapulizwa vibaya, na nililia, Yunisi. Mzee wa kanisa mzima nalilia chuma.

Sasa Zakaria alikuwa ameshahamia Tanga. Alianza kama msaidizi wa maabara kwenye zahanati ya misheni, hilo unalijua. Akafungua duka la dawa, kisha kliniki. Mwanzoni mwa Kwaresima alikuja nyumbani. Wewe ulikuwa shuleni. Akaliangalia goti langu, akatikisa kichwa kwa huruma, akaniambia kuna tiba mpya ya seli shina. Akanieleza kwamba ndani ya goti kuna gegedu, kitu laini kinachozuia mfupa usisage mfupa, na langu limelika. Seli shina, akasema, ni mbegu za mwili. Ukizipanda kwenye goti, gegedu linaota upya.

Unaona alivyonijua? Angeniambia habari za kompyuta ningelala usingizi. Mkulima akaambiwa habari za mbegu.

"Inauma?" nikamuuliza.

"Sindano moja tu, Baba Yunisi. Pasaka hii unabeba besi yako."

Hilo ndilo swali pekee nililomuuliza. Inauma? Sikuuliza mbegu hizo zinatoka kwa nani, nani amezikagua, nani mwingine ameshapona. Kwetu huku, ukimhoji sana rafiki yako ni kama unampekua mifuko. Nilimwonea haya. Na tena, nikuambie ukweli, nilitaka iwe kweli. Mtu anayetaka jambo liwe kweli hahitaji kudanganywa sana.

Nikaenda Tanga. Kliniki ni safi, ina vigae, ina televisheni ukutani. Zakaria amevaa koti jeupe, wasichana wanamwita Daktari. Alifungua friji, na humo ndani nikaona chupa za soda na kopo la siagi, akatoa kichupa kidogo, akavuta dawa, akanidunga. Muda wa kuimba ubeti mmoja haukuisha. Nilirudi mlimani nimelala kwenye basi kama mtoto.

Na goti likapoa. Ndiyo, lilipoa! Siku ya tatu niliamka nikaukunja mguu, haukulia. Wiki ya pili nilishuka shambani uso mbele. Mama yako alinitazama nikipanda na tenga la karoti akaweka mikono kichwani. Nilikupigia simu shuleni kupitia kwa matroni, unakumbuka, nikakuambia baba yako amekuwa kijana. Hapo sikuwa nakudanganya.

Jumapili iliyofuata nikatoa shukrani ya pekee. Sikungoja hata mwezi uishe. Ndiyo tabia yetu, mtu akipata nafuu anakimbilia madhabahuni kana kwamba Mungu atabadili mawazo. Nilitembea kutoka benchi la mwisho mpaka mbele nimejitwisha tenga la karoti na kabichi, bila fimbo, nikicheza. Wanawake wakapiga vigelegele. Mchungaji akanipa kipaza sauti, nami nikasema: "Nilikuwa kilema, leo natembea. Mwenye goti, aende kwa ndugu yetu Zakaria." Halafu nikapiga magoti, yote mawili, na kusimama bila kushika kitu. Kanisa likalipuka. Zakaria alikuwa amekuja siku hiyo. Alisimama pembeni ameinua simu juu, anachukua video. Nilidhani ni ukumbusho wa furaha yetu. Nje, kwenye mnada wa sadaka, kabichi zangu ziligombaniwa kama zimetoka mbinguni.

Watu wanne wa usharika wetu walikwenda Tanga kwa ajili ya maneno yale. Watatu walirudi na nafuu ya wiki chache kama yangu, kisha maumivu yakawarudia yale yale. Wa nne ni shangazi yako Raheli.

Wewe tulikuambia shangazi aliteleza. Hakuteleza. Alidungwa sindano kwenye goti la kushoto, na siku ya nne goti lilikuwa kubwa kama boga na homa inamtetemesha. Tulimbeba kwa machela mpaka barabarani. Hospitalini walimpasua wakaosha usaha, wakamwosha tena, Ijumaa Kuu nzima tumekaa kwenye benchi. Mguu umebaki, tunashukuru. Lakini haukunji tena. Umeona anavyokaa pembeni kanisani ameunyosha njiani, na watoto wanauruka. Yule aliyekuwa akipanda kwetu na ndizi kichwani akiimba, sasa hawezi kuchutama jikoni kwake mwenyewe.

Daktari wa mifupa aliyemtibu ni binti mdogo, hajakuzidi sana. Nilimweleza yote. Alichukua karatasi akachora mifupa miwili na kile kitu laini katikati. Akasema seli shina si hadithi, zipo, na wataalamu wanazichunguza kwa ajili ya magoti kama yangu. Lakini huko wanakofanya kazi kwa haki, wanazitoa kwenye uboho wa mgonjwa mwenyewe au kwenye mafuta yake, wanazishughulikia maabara, wanaandika kila kitu, na hata hivyo bado wanabishana zinasaidia kiasi gani.

"Wewe baba, walikutoa nini?" akaniuliza.

"Hawakunitoa kitu. Walinitia tu."

"Walikutia kutoka wapi?"

"Kwenye friji. Yenye soda."

Aliweka kalamu chini. Akasema kwa upole kwamba hawezi kujua kichupa kile kilikuwa na nini, ila nafuu ya wiki chache inafanana sana na dawa ya kutuliza uvimbe, ile ambayo hata hospitali ya kawaida huidunga, na haioteshi gegedu lolote. Nilitamani sakafu ipasuke. Nakuandikia hili wewe unayekwenda kuwa muuguzi ili usije ukaichukia sayansi kwa sababu ya baba yako. Sayansi haikunifanya kitu. Aliyenifanya ni mtu aliyebeba besi yangu kwenye matope.

Nilimpigia simu Zakaria nikiwa pale pale uani mwa hospitali. Nilitegemea atalia. Nilikuwa tayari kumsamehe, nakuapia, kama angesema neno moja tu la kibinadamu.

"Pole sana, kaka," akasema. "Kila mwili una mambo yake. Dada yako hakufuata masharti."

"Zakaria, kichupa kile kilikuwa na nini?"

"Baba Yunisi, wewe tena? Wewe uliyeshuhudia mbele ya Mungu kwamba umepona? Video ninayo."

Akakata simu. Nilibaki nimeishika sikioni. Nilijiona mpumbavu, na nilimchukia, na wakati huo huo nilitamani apige tena aseme alikuwa anatania.

Kumbe video ile ana kazi nayo. Shangazi yako ndiye aliyeniambia, tena akicheka, siku tulipomrudisha nyumbani. "Nilikuwa naogopa sindano," akasema, "nataka kuondoka. Mara nakuona kwenye televisheni yao, unacheza na tenga la karoti! Nikasema, haya, kama ni mdogo wangu yule, sasa naogopa nini?" Mpaka leo inaonyeshwa pale, mchana kutwa. Kiti cha mapokezi anachokupa kipo chini ya televisheni hiyo. Haitaki elimu yako, mwanangu. Anataka mtu wa huku, mwenye sura ya baba yake, amsalimie kwa Kisambaa mama aliyeshuka kutoka milimani, onga mshi, karibu mame, usiogope. Wewe una sauti ya kumtuliza mtu. Sauti hiyo ndiyo anayoitaka, kama alivyoitaka yangu.

Mama yako anajua mengi ya haya. Anasema tusivunje undugu, chumba ni chumba, na Zakaria hajawahi kukukosea wewe. Tumebishana mpaka tukachoka. Simlaumu, anaogopa utateseka mjini. Lakini bweni la chuo lina nafasi, nimewapigia, jina lako lipo kwa matroni mpaka Ijumaa. Stendi usimtukane Zakaria. Msalimie, shikamoo yake mpe, mwambie baba amesema nikae na wenzangu chuoni. Au kama ukiisoma barua hii ukaona mzee amechanganyikiwa, nenda kwake. Sitakufuata na fimbo. Tena fimbo yenyewe siku hizi naihitaji kutembelea.

Sasa lile la mwisho. Nimelizunguka kurasa zote hizi, kama ulivyoona.

Nimekusimulia kana kwamba Zakaria alinisaliti mimi, na mimi, bila kujua, nikampotosha dada yangu. Ndivyo watu wote wanavyolijua. Ndivyo mchungaji alivyoniombea. Shangazi Raheli mwenyewe, kila nikimpelekea kuni, ananiambia, "Hongea, asante mdogo wangu. Usijitese, hukujua." Nami nakaa pale, nakunywa chai yake, nainamisha kichwa kama mtu mwema aliyedanganywa.

Yunisi, nilijua.

Shangazi yako alikuja nyumbani siku ya Alhamisi kuniaga, kabla ya kwenda Tanga. Goti langu lilikuwa limeanza kuuma tena tangu Jumapili usiku, wiki moja tu baada ya ushuhuda wangu. Kwanza lilichoma kidogo, nikasema ni baridi. Jumanne lilivimba. Jumatano niliitoa fimbo uvunguni na kuitumia ndani ya nyumba, mlango umefungwa, mama yako akiwa sokoni. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kabichi zangu zilikuwa bado zinaliwa kwa ushuhuda. Watu walikuwa wananisimamisha njiani waone ninavyotembea. Mwenyekiti wa tarumbeta alikuwa ameniletea besi, ipo kwenye kona ya chumba, imesuguliwa inang'aa.

Nilimsikia anabisha hodi, nikairudisha fimbo uvunguni kabla sijafungua.

"Mdogo wangu," akasema, "kesho naondoka na basi la alfajiri. Moyo unasitasita. Hebu tembea nikuone tena."

Nikatembea. Kutoka mlangoni mpaka kwenye pipa la maji, na kurudi. Mgongo wangu ulikuwa umelowa jasho. Nilitabasamu. Alikuwa ananiangalia usoni, haangalii goti.

"Niende?" akaniuliza.

Nilikuwa na nafasi yote duniani. Hakukuwa na Zakaria pale, hakukuwa na kipaza sauti. Ni mimi na dada yangu aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto. Nikasema, "Nenda, dada. Usiogope."

Ndiyo maana nataka usikae kwenye kiti kile. Siogopi kwamba utakuwa mwongo, wewe hujui kudanganya, hata mtihani ulikuwa unakuja kuniambia umeangalizia. Naogopa itafika siku utaona jambo, utalijua, na mtu aliyekuamini atasimama mbele yako akuulize niende, na wewe utaogopa aibu kama mimi.

Hakuna anayelijua hili, hata mama yako. Wewe ndiye wa kwanza. Kesho nikishakusindikiza sitarudi nyumbani. Nitateremka polepole na fimbo yangu mpaka kwa shangazi yako, naye awe wa pili kulijua. Najua atanikaribisha chai, najua ataniambia tena kwamba sikujua. Wakati wewe unasoma mstari huu, mimi nimekaa jikoni kwake, na kikombe sijakigusa.

Baba yako